Moto umepita mtaani: kikundi cha msaada cha kanisa kianzie wapi?

Swali: Mimi ni shemasi katika kanisa moja hapa Kadutu, Bukavu. Miezi michache iliyopita moto uliteketeza nyumba za mbao chini kidogo ya kanisa letu. Mchungaji alitangaza, waumini wakaleta vingi, lakini siku ya kugawa tukaishia kugombana. Wengine walipata mara mbili, wapangaji wengi hawakupata kitu, na mpaka leo chumba cha nyuma kimejaa nguo ambazo hakuna anayezitaka. Sasa wazee wa kanisa wanataka tuwe na kikundi cha kudumu cha kusaidia majirani wakipatwa na moto. Tuanzie wapi, na tufanye nini ili yale yasijirudie?

Jibu: Mama Shemasi, amani ya Bwana iwe nanyi huko Kadutu.

Ugomvi unaoueleza hautokani na roho mbaya za watu. Vitu vilifika kabla ya orodha, basi. Magunia yakishakuwa uwanjani, anayeshika kalamu huvutwa mkono na watu kumi, na jina linaloandikwa ni la mwenye sauti kubwa. Kanisa la kwanza Yerusalemu lilijikwaa hapo hapo: Matendo ya Mitume sura ya 6 inaeleza jinsi wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walivyosahauliwa katika mgao wa kila siku. Mitume hawakutoa mahubiri dhidi ya manung'uniko. Waliomba wachaguliwe watu saba, na majina yote saba ni ya Kiyunani. Inaonekana kazi ilikabidhiwa watu wa upande uliokuwa ukilalamika. Nanyi safari hii wekeni mpangaji ndani ya kikundi.

Kwa moto wa familia kama 60, watu 12 hadi 16 wanatosha. Wakizidi hapo wanakanyagana. Wekeni mratibu mmoja, makarani wawili wenye mwandiko unaosomeka, mtunza ghala ambaye si karani, mpishi mkuu na wasaidizi wake watatu, watu wanne wa kusimamia mstari, na wasikilizaji wawili wa kupokea malalamiko, angalau mmoja wao akiwa mama mtu mzima anayeheshimika mtaani. Mchungaji asishike daftari wala ufunguo wa ghala. Yeye ndiye mlango wa rufaa, na akishika ufunguo, mwenye malalamiko hana tena pa kwenda. Kisha ongezeni wawili ambao si wa kanisa lenu, yaani nyumbakumi wa eneo na jirani mmoja ambaye shefu wa mtaa anamwamini.

Suala la perdiem limalizeni siku ya kwanza. Miaka mingi ya mashirika katika Kivu imewazoesha watu kwamba kikao chochote kina bahasha. Kikundi cha kanisa kikianza kulipa posho, sadaka ya wahanga itaishia kwenye vikao. Rudisheni nauli halisi kwa anayetoka mbali, pikeni chakula cha wanaojitolea katika sufuria yao iliyonunuliwa kwa fungu lao, na wale mahali pasipo mbele ya mstari. Sahani moja ya wali inayoonekana mkononi mwa msaidizi wakati mama mwenye watoto anasubiri inatosha kuchafua kazi ya wiki nzima.

Sasa daftari. Nunueni daftari gumu lililoshonwa, lisilochomoka karatasi. Msiandike kwenye karatasi za kuokota wala kwenye simu peke yake. Kila ukurasa upigwe mhuri wa kanisa na kuandikwa namba kabla haujatumika. Safu ziwe hizi: namba, jina la mama wa nyumba, jina la baba wa nyumba, ni mwenye nyumba au mpangaji, idadi ya watu (chini ya miaka 5, miaka 5 hadi 17, 18 hadi 59, 60 na zaidi), mama mjamzito au anayenyonyesha, mlemavu, wanalala wapi usiku huu, namba ya simu, sahihi au alama ya kidole. Majina ya mama na baba yote mawili ni ya lazima, kwa sababu njia rahisi kuliko zote ya kupata mara mbili ni mume kujiandikisha asubuhi na mke jioni.

Hesabuni kwa chungu, msihesabu kwa paa. Nyumba moja ya mbao pale Kadutu au Nyamugo yaweza kuwa na milango minne na familia nne. Ukiandika paa, mwenye nyumba atachukua kwa niaba ya wote na wapangaji hawataona kitu. Hilo bila shaka ndilo lililowapata. Wanaokula chungu kimoja ni mstari mmoja. Mwanamume mwenye wake wawili wanaopika mbalimbali ni mistari miwili, na msijadili ndoa yake siku hiyo. Kijana wa miaka ishirini anayesema amejitenga na wazazi, waulize majirani wa kulia na wa kushoto kila mmoja peke yake: nani alikuwa akilipa kodi ya chumba hiki? Majibu mawili yakifanana, mmemaliza.

Jioni ya moto andikeni majina tu. Watu wako katika mshtuko, wengine wanatafuta watoto, na hesabu ya usiku huwa na makosa mengi. Asubuhi yake nendeni mkasimame kwenye majivu yenyewe, karani mmoja, nyumbakumi na mhanga mmoja, mkipita mlango kwa mlango: hapa alilala nani, hapa nani. Hakikisheni kwanza umeme umekatwa, na vaeni viatu vya soli ngumu, maana misumari ya mbao zilizoungua husimama wima ndani ya majivu, na jeraha la msumari ni njia ya pepopunda. Watoto wasikaribie. Orodha ifungwe baada ya saa 48. Anayekuja baadaye aandikwe kwenye ukurasa wa nyongeza, na watu wale wale watatu ndio waamue kwa pamoja. Kisha bandikeni nakala kwenye mlango wa kanisa na kwa shefu wa mtaa ikiwa na vitu vitatu tu, yaani namba, jina la familia na idadi ya watu. Acheni siku moja kamili ya pingamizi. Uongo mwingi hufichuka siku hiyo bila nyinyi kumshtaki mtu, kwani majirani wanajuana.

Kuna kijitabu cha pili, kidogo, ambacho kitashikwa na mtu mmoja tu na hakisomwi hadharani kamwe. Humo huandikwa waliounguliwa na dawa za kila siku: za kifua kikuu, za kupunguza makali ya UKIMWI, za presha, za kisukari. Moto wa usiku mmoja unaweza kukata matibabu ya miezi. Mtu huyo asindikizwe kesho yake kwenye kituo kile kile alichokuwa akichukulia dawa, kwa sababu faili yake iko huko. Hii ndiyo kazi isiyoonekana kuliko zote, na pengine ndiyo inayookoa uhai zaidi.

Kwa aliyeungua mwili, wanakikundi wote wajue jambo moja kwa moyo: maji safi ya baridi ya kawaida, yasiyo barafu, yakimiminika polepole juu ya jeraha kwa dakika 20. Yanafaa hata kama saa moja au mbili zimeshapita. Vueni pete na bangili kabla mkono haujavimba, msipasue malengelenge, funikeni kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi, kisha hospitali. Dawa ya meno, mawese, yai na majivu hufungia joto ndani au huleta uchafu, na daktari atalazimika kuvikwangua vyote huku mgonjwa akilia. Mtoto mdogo, aliyeungua usoni, mikononi au sehemu za siri, na aliyevuta moshi mwingi wasisubiri asubuhi. Wakati wa kumwagia mtoto maji, sehemu nyingine za mwili zifunikwe. Usiku wa Bukavu una baridi, na mtoto hupoa haraka.

Chakula. Siku tatu za kwanza msigawe unga mkavu. Aliyepoteza sufuria, mbabula (jiko la mkaa) na makala (mkaa wenyewe) atafanya nini na kilo tano za unga? Atauza kando ya barabara kwa bei ya hasara, kisha watu watasema hakuwa na njaa. Pikeni wenyewe. Kwa sahani 100 za mlo mmoja hesabuni mchele kilo 15, au unga kilo 20 mkipika bugali, pamoja na maharagwe makavu kilo 8, mafuta lita 2 na chumvi kama gramu 300. Kwa kikundi kisichozoea, mchele ni salama zaidi. Kusonga unga wa watu mia kunataka mikono yenye nguvu na masufuria manne yanayokwenda kwa pamoja, na bugali ukipoa hauliki.

Maharagwe ndiyo huwaangusha wengi. Bukavu iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500, na kwa urefu huo maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, ndiyo maana maharagwe huchukua muda mrefu kuliko anavyodhani mtu aliyepikia pwani. Yalowekeni tangu jioni, mwageni maji ya kuloweka, kisha yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 kabla ya kupunguza moto. Maharagwe mekundu yasiyoiva yana sumu ya asili inayotapisha, na moto hafifu hauiondoi. Walioteketelewa wakianza kutapika usiku huo, mtaa mzima utasema mmewaroga. Chakula kikishaiva kiliwe ndani ya saa mbili, mabaki yasilale. Wekeni bidoni yenye bomba na sabuni mwanzo wa mstari, maana kipindupindu si mgeni kandokando ya Ziwa Kivu, na maji ya kunywa yawe yamechemshwa au yametiwa dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.

Baada ya siku hizo tatu mnaweza kuingia kwenye fungu la wiki. Mtu mmoja kwa siku: unga gramu 400, maharagwe gramu 120, mafuta mililita 30, chumvi gramu 5. Hapo mnakaribia kilokalori 2,100, kiwango ambacho mashirika ya misaada hukitumia kupangia. Familia ya watu watano kwa siku saba inahitaji unga kilo 14, maharagwe kilo 4 na gramu 200, mafuta lita moja na kidogo, chumvi chini ya gramu 200. Sasa zidisheni kwa familia 60: unga kilo 840, yaani magunia 34 ya kilo 25, maharagwe kilo 252, mafuta lita 63. Wekeni hesabu hiyo mezani kwa wazee kabla ya tangazo lolote. Makanisa mengi hutangaza "tutawalisha" bila kuijua, na ghala hukauka familia ya ishirini na tano ikiwa imesimama mlangoni. Mkiwa na nusu, toeni fungu la siku tatu kwa wote, au fungu kamili kwa nyumba zenye watoto chini ya miaka 5 na wajawazito tu, lakini semeni hivyo siku mbili kabla.

Pimeni na kufunga kabla ya siku ya kugawa. Kupima mbele ya mstari ni kualika ugomvi. Najua sokoni mnatumia kopo la Guigoz, lile la maziwa ya unga ya watoto, na si vibaya, mradi mlipeleke kwenye mizani mara moja na muandike uzito wake kwa kila bidhaa. Kopo la maharagwe na kopo la unga hazina uzito mmoja. Pia amueni mapema: limesawazishwa kwa kijiti au lina mlima? Mpimaji anayempa shangazi yake mlima na jirani tambarare anaonekana na kila jicho.

Vyombo vya nyumba. Viwango vinavyotumika duniani kwa familia ya watu wanne au watano vinataja masufuria mawili yenye vifuniko, beseni moja, kisu kimoja, vijiko viwili vya kupakulia, na kwa kila mtu sahani, kijiko na kikombe. Ongezeni bidoni mbili za lita 10 hadi 20, moja ya kuchotea na moja ya kuhifadhia, sabuni ya kuoga gramu 250 na ya kufulia gramu 200 kwa kila mtu kwa mwezi, na blanketi. Vitambaa au pedi za hedhi vifungwe ndani ya mfuko usioonyesha, na vigawiwe na akina mama. Ikiwa fedha inatosha kitu kimoja tu, kwa maoni yangu nunueni sufuria, mbabula na makala. Mama mwenye sufuria na moto anaanza kujitegemea kesho yake.

Msikimbilie kuwalaza wote kanisani. Mtu mmoja anahitaji mita za mraba 3.5 za mahali palipoezekwa, kwa hiyo ukumbi wa mita 10 kwa 14 unabeba watu 40, si mia mbili. Choo kimoja kwa watu 20 ndicho kipimo kizuri, kimoja kwa 50 ni cha dharura tupu. Huku kwetu wengi hupokelewa na ndugu au na Wakristo wenzao, na hilo ni jema zaidi, lakini msiisahau familia iliyopokea. Watu watano wakiingia katika nyumba ya watu saba, unga wa wiki unaisha Jumatano. Pelekeni pia fungu dogo kwa mwenyeji, la sivyo baada ya wiki mbili mgeni atafukuzwa.

Kwa upande wa fedha, msingoje moto. Kivu Kusini imezoea MUSO, vile vikundi vya kuweka akiba na kusaidiana, na nadhani akina mama wenu wengi wamo. Mnajua sanduku jekundu, lile la kusaidiana wakati wa shida, ambalo halikopeshwi kama la kijani. Fanyeni la kanisa zima kwa mfano huo: sadaka ya Jumapili moja kwa mwezi, ikitangazwa kwa jina lake, isichanganywe na fungu la kumi. Ihesabiwe na watu watatu siku ile ile, iandikwe na wote watatu watie sahihi, na sanduku liwe na kufuli tatu zenye funguo kwa watu watatu wasio wa ukoo mmoja. Paulo alipobeba mchango wa makanisa kwenda Yerusalemu alikataa kuubeba peke yake, na sababu yake imeandikwa katika 2 Wakorintho 8: hakutaka mtu apate la kumlaumu. Hesabu ya kilichoingia na kilichotoka ibandikwe mlangoni kila baada ya mgao, hata kama ni mistari sita.

Wiki ya pili na kuendelea, pesa taslimu husaidia kuliko magunia, maana soko la Kadutu liko karibu na kila familia inajua pengo lake. Tumieni kanuni moja inayoeleweka: kiasi sawa kwa kila chungu, na nyongeza sawa kwa kila kichwa. Mkituma kwa simu, ongezeni gharama ya kutolea, na watu wawili watume pamoja wakiandika namba ya muamala kwenye daftari. Walioteketelewa na simu wapewe mkononi, kwa bahasha na sahihi, asubuhi, bila kutangaza siku kwenye ibada.

Siku ya kugawa isiwe Jumapili baada ya ibada. Chagueni siku ya katikati ya wiki, saa mbili asubuhi, kwenye uwanja wenye mlango wa kuingilia na mlango mwingine wa kutokea. Kila familia ipewe mapema jetoni yenye namba ya daftari na mhuri. Iteni kwa vikundi vya namba 20, kila kikundi na nusu saa yake. Wazee, wajawazito na walemavu wawe na mstari wao mfupi. Kwenye meza ya kwanza karani anasoma namba na jina, anapokea jetoni na kuitoboa. Kwenye meza ya pili mtu anachukua mzigo, ya tatu anatia sahihi. Sahihi ije baada ya mzigo. Wengi hugeuza mpangilio huo, kisha mtu amesaini na mzigo umekwisha. Aliyepoteza jetoni asirudishwe nyumbani na asibishiwe mbele za watu. Apelekwe kwa wasikilizaji, wakae naye kando wakiwa na orodha. Msiombe polisi wala mtu yeyote mwenye silaha asimame kwenye mstari.

Sasa jambo ambalo baadhi ya wazee watalipinga: msihubiri kwenye mstari. Wala msiulize anasali wapi. Mwislamu, Mkatoliki, Mkimbangu, mlevi asiyesali popote, wote waliungua kwa moto mmoja. Kanuni za maadili zilizotungwa mwaka 1994 kwa ajili ya Msalaba Mwekundu na mashirika ya misaada zinasema wazi kwamba msaada usitumiwe kuendeleza msimamo wa kidini, na kanisa linaloheshimika linaweza kuishi na sharti hilo. Hospitali ya Panzi, hapo hapo mjini kwenu, ilianzishwa mwaka 1999 chini ya jumuiya ya Kipentekoste ya CEPAC, na mgonjwa anatibiwa bila kuulizwa dhehebu lake. Kumtembelea mtu wiki tatu baadaye, akiwa ameshapata pa kulala, na kusali naye akikubali, hilo ni jambo jingine na lina wakati wake. Wafundisheni wanaokwenda kuwatembelea wahanga kusikiliza kwanza. "Ni mapenzi ya Mungu" na "mshukuru hukufa" ni maneno ambayo aliyepoteza mtoto hayasahau. Msimlazimishe kusimulia usiku ule. Muulizeni leo anahitaji nini, na kama ndugu zake wanajua alipo.

Ulinzi wa wanawake na wasichana uandikwe katika kanuni za kikundi na kila mmoja atie sahihi. Asiende mtu peke yake kumtembelea mhanga. Waende wawili, na mmoja awe mwanamke. Kijana wa kikundi asichukue namba ya simu ya binti "ili amjulishe mgao". Tume huru iliyochunguza kazi ya Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri ya miaka 2018 hadi 2020 ilikuta wafanyakazi wa misaada waliowadhulumu wanawake kingono wakiwaahidi kazi. Yalitendeka kwenye mashirika yenye mishahara na kanuni nene, basi msidhani beji ya kanisa inatosha kinga. Malalamiko ya namna hiyo yapokelewe na mama msikilizaji, yafike kwa mchungaji siku ile ile, na mtuhumiwa aondoke kwenye kazi wakati yakichunguzwa. Picha za wanaopokea pia acheni. Anayetaka ushahidi wa mgao aonyeshwe daftari.

Kuhusu vyeti: kwa wengi kadi ya mchaguzi ndiyo kitambulisho pekee, na imeungua. Karani mmoja ajitolee siku mbili kuwaandikia barua watu wasiojua kuandika, zenye orodha ya vilivyoungua, na awasindikize kwa shefu wa kartiye na kwenye komini kuomba karatasi ya kupotelewa. Kwa wanafunzi, msemaji mmoja wa kanisa aende shuleni kabla ya wazazi kudaiwa sare na madaftari.

Nguo zilizojaa chumba cha nyuma msizigawe tena. Zichambueni Jumamosi moja, akina mama sita na mifuko minne: za watoto zilizo nzima, za watu wazima zilizo nzima, za kukatwa vitambaa, za kutupa. Zilizo nzima ziuzeni sokoni kwa bei ya chini, fedha iingie sanduku jekundu, na iandikwe. Kuanzia sasa tangazo la mchungaji litaje vitu kwa jina na idadi: masufuria 60 yenye vifuniko, bidoni 120, blanketi mpya au zilizofuliwa. Mkisema "leteni chochote", watu wataleta walichotaka kutupa. Nguo za ndani zilizotumika na viatu vya mguu mmoja vikataliwe mlangoni, kwa upole.

Kati ya moto na moto kikundi kisilale. Mbao zilizopakwa mafuta machafu ya gari kuzuia mchwa, nyumba zilizobanana mlimani na vichochoro ambavyo gari la zimamoto haliingii, hayo hamwezi kuyabadilisha. Mnaweza kupita nyumba kwa nyumba wakati kiangazi kinaanza, mwezi wa sita, wawili wawili, mkiangalia mambo manne. Mbabula iwe juu ya mawe au bati, mbali na ukuta, na makala yazimwe kwa maji kabla ya kulala. Makala yanayowaka pia hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu, kwa hiyo mbabula isilale chumbani. Mshumaa wakati umeme umekatika usimamishwe ndani ya kopo lenye mchanga, usigandishwe kwenye ubao. Waya zilizounganishwa kwa mikono, zilizofungwa kwa nailoni, au zinazopata joto ukizigusa kwa juu ya plastiki, aitwe fundi. Na wauza mafuta ya barabarani, wale makadhafi, wasilaze bidoni za petroli ndani ya nyumba inayolala watu. Kila nyumba kumi ziwe na ndoo mbili za mchanga mahali panapojulikana, kwa kuwa petroli au mafuta ya kupikia yakiwaka, maji huyasambaza, na waya ukiwaka, hakuna kumwaga maji kabla umeme haujakatwa. Mchanga huo huota nyasi na watoto huuchezea, kwa hiyo mtu wa kuujaza upya aandikwe kwa jina kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari, pamoja na namba za simu za wenye funguo tatu.